Kishiwa, Asiyekula Kabla ya Kuona Uani

Kuna watu huonja chakula kwa ulimi, wengine kwa pua. Kishiwa alikionja kwa macho, tena si kwa kukitazama chakula chenyewe. Alitazama uani. Ungemkaribisha mgahawani, hata uwe na viti vya kuzunguka na runinga ukutani, angekuacha unavuta kiti, akalizunguka jengo zima hadi kule vyombo vinakooshwa na makombo yanakomwagwa. Akirudi uso umekunjamana, basi, jilie mwenyewe. Na mara nyingi alirudi uso umekunjamana. Kijiji kizima cha Rudewa, wilayani Kilosa, kilimjua kwa hilo. Kwenye misiba walimwachia kazi ya kupika, wala si kwa heshima. Asipopika yeye hali, na asipokula anakaa pembeni anatema mate, na ni mfiwa gani anayetaka kutemewa mate kwake?

Alifika huku akiwa binti mdogo, akiswaga ndama nyuma ya kundi la baba yake lililotoka Shinyanga. Akakulia Rudewa, akaolewa na Seni, akazaa, watoto wakaolewa. Kisha Seni akaoa mke wa pili na kuhamia naye Rufiji, na Kishiwa, ambaye hakutaka kusikia habari za Rufiji wala za huyo mke, akarudi kwa kaka yake Masunga. Alirudi na ng'ombe wake mwenyewe, uzao wa mtamba aliopewa na baba yake. Ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, nayo ililala zizini mwa Masunga.

Sasa mwaka huu Masunga alichoka. Alichoka na ugomvi wa mashamba, vikao visivyokwisha na majani yasiyotosha. Akaamua kuhamisha kundi kwenda Lindi kabla ya mvua. Akamwita dada yake akamwambia waziwazi: "Ama uuze ng'ombe wako ufungue huo mgahawa unaousema kila siku, ama waende na wangu, nawe uje utupikie huko."

Kishiwa aliijua hiyo "huko". Aliwahi kupikia kambi za wafugaji miaka mingi. Ni kuchota maji kwenye dimbwi ambalo ng'ombe wameingia kwanza, ukayachuja kwa kanga na bado yakabaki na rangi ya chai. Ni kuchambua kupe kwenye shuka kabla ya kulala. Ni kupikia wanaume wanaonawa mikono kwa kuifuta kwenye suruali. Akifikiria tu, alitema mate.

Mgahawa alioutaka ulikuwa wa chakula cha kwao. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yapikwe na karanga mpaka yakolee. Michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani, vikija kupikwa vinakuwa vitamu kuliko vilivyotoka shambani. Ugali wa mtama. Maziwa ya mgando. Kilosa imejaa walimu, manesi na watu wa reli waliotoka Kanda ya Ziwa, wanakula wali maharage mwaka mzima mpaka wanasahau walikozaliwa. Chakula alikijua, wateja aliwajua. Kilichobaki ni mahali.

Hapo ndipo alipokutana na Nickson, dalali wa Kilosa mjini, kijana mwenye pikipiki mbovu na mdomo mzima. Nickson alimpeleka kwanza Mikumi, barabara kuu, ambako mabasi na malori ya kwenda Iringa hayakauki. Fremu, yaani chumba cha biashara, ilitazamana na barabara, imepakwa rangi ya maziwa, sakafu ya vigae.

"Mama, hii ni chuma," Nickson alisema. "Basi likisimama hapa, sufuria zima limekwisha. Watu wanaigombania bila hata kuiona."

"Uani kuna nini?"

"Uani si muhimu kivile, mama."

"Nimekuuliza kuna nini."

Hakungoja jibu. Alipofungua mlango wa uani inzi wakampokea usoni. Gesti ya jirani ilikuwa imechimba shimo la choo likiegemea ukuta wa fremu ile, na shimo lilikuwa limejaa siku nyingi. Maji meusi yalijipenyeza chini ya ukuta, yakapita palepale penye karo la kuoshea vyombo, yakaenda kutuama kwenye kidimbwi ambamo bata walikuwa wanachokoa. Yalibeba nywele za watu, kipande cha sabuni, na kitu kingine ambacho Kishiwa hakukitazama mara mbili. Harufu ilimkaa kooni. Akatema mate, akatema tena, mate yakagoma kwisha.

"Nani alikuwa anapikia hapa?"

"Mama mmoja wa chipsi. Alifanya vizuri sana."

"Na watu walikula?"

"Mama angu, wateja wanakula mbele," Nickson alisema. "Hakuna anayekula uani."

Kishiwa alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyejisaidia njiani. Alipanda pikipiki, wakarudi Kilosa na vumbi lote lile. Njia nzima alikuwa anajiuliza huyo mama wa chipsi alilala vipi usiku. Unawezaje kumpakulia mtu sahani ukijua vizuri ulikoioshea?

Masunga aliposikia kuwa dada yake ameikataa fremu ya barabarani, alicheka mpaka akakohoa. Akampa ushauri wake mwenyewe: nenda mnadani, Wasukuma wote wako mnadani, utapata wapi wateja zaidi ya hao? Likaonekana neno la maana. Siku ya mnada Kishiwa akaenda na sufuria ya nsansa ajaribu bahati, akaomba kona kwenye kibanda cha mtu.

Uani wa kibanda kile, hata kuusimulia naona kinyaa. Utumbo ulikuwa umemwagwa nyasini na mbwa walikuwa wanauvuta huku na huku. Ndoo ya damu ilikuwa imesimama karibu na ndoo ya maji, na mchoma nyama, mtu mzima na ndevu zake, alichovya mkono hapa na akachovya pale. Kishiwa alifunika sufuria yake kwa kanga mbili. Lakini kilichomchefua zaidi ni wale Wasukuma wenzake waliokuja kuchungulia. Mzee mmoja aliyemwamkia kwa Kisukuma vizuri kabisa alifunua kanga, akanusa, akaifunika tena.

"Nsansa?" alisema. "Binti yangu, hii nimeikimbia asubuhi nyumbani. Nimekuja huku kula nyama."

Kila aliyefunua alisema vivyo hivyo. Mtu aliyetoka kwa mkewe asubuhi hana hamu ya kula cha mkewe mchana, na Kishiwa alijilaumu kwa kutoliona hilo mapema. Alirudi na sufuria yake ikiwa imejaa. Masunga akamwambia mchagua jembe si mkulima.

Mahali pa tatu palikuwa Kilosa mjini, njia ya kwenda kituo kipya cha treni, kwa Bi Mwamvua. Alikuwa mama wa Kisagara, mjane wa fundi wa reli, mwenye chumba kilichotazama njia na baraza mbele yake. Nickson hata hakupoteza maneno. Alisimamisha pikipiki akasema, "Pita uani kwanza, mama, halafu tuongee."

Kishiwa alipita. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ilionekana mchangani. Vyombo vilikuwa juu ya kichanja, vimepinduliwa, vimefunikwa wavu. Choo kilikuwa mbali, upande ambao upepo hautokei, na mlango wake unafungika. Maji ya kuoshea yalipita kwenye mfereji wa saruji hadi kwenye migomba. Hakukuwa na inzi. Alisimama pale akitafuta kitu cha kuchukia, akakikosa, na machozi yakamlengalenga, mtu mzima yule, kwa ajili ya karo la vyombo.

"Umeridhika?" sauti ilimuuliza. Bi Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni, buibui jeusi, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mama. Nisamehe, nimepita bila hodi."

"Marahaba. Hukukosea. Mimi mwenyewe sili kwa mtu kabla sijaona anakooshea vyombo. Walionipangisha kabla yako nimewafukuza kwa uchafu."

Wakakaa barazani wakaongea kama waliopotezana. Bi Mwamvua aliweka masharti: hapaingii nguruwe, hapaingii pombe, na nyama ikipikwa achinje Mwislamu. Kishiwa akakubali yote kabla hayajaisha kusemwa. Alikuwa amebeba michembe iliyopikwa na karanga, akamtengea. Bi Mwamvua akaonja kipande kwa adabu, akachukua kingine bila adabu, akaagiza chai, na bakuli likaisha. "Hivi ni viazi hivihivi vyetu?" aliuliza, akilamba karanga kidoleni. "Watu wa mji huu watakuua kwa foleni."

Chumba kilikuwa chake. Ilibaki jambo moja dogo, nalo Bi Mwamvua alilisema akicheka. "Wewe umekagua kwangu. Na mimi nije nikague unakotengenezea. Ijumaa, baada ya swala."

Kishiwa alifurahi kupita kiasi. Hatimaye amepata binadamu mwenzake. Mwanamke aliyeshinda miaka yote akikagua watu leo anakaguliwa, na aliona ni heshima.

Alijifunga kibwebwe. Alhamisi alifagia mpaka kwa majirani. Alisugua masufuria kwa majivu yakawa vioo. Kisha akafanya lile ambalo mama yake alimfundisha, na bibi yake alimfundisha mama yake: mgeni wa maana akija, uwanja unasiribwa upya. Akaenda zizini mapema, akachagua samadi mbichi ya ndama ambaye bado ananyonya, kwa kuwa hiyo ndiyo laini na haina makapi. Akaikoroga na maji, akapiga magoti, akausiriba ua wote kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, mpaka ukawa mkeka. Ulipokauka haukuwa na vumbi, nyufa wala mdudu. Kwa Kishiwa hakuna kitu duniani kilicho safi kuliko ua uliosiribwa jana. Juu yake akamwaga michembe mibichi, akaitandaza kipande kwa kipande ishike jua.

Bi Mwamvua alishuka kwenye pikipiki ya Nickson akikung'uta vumbi. Alikagua jikoni, akanyanyua mifuniko, akanusa mitungi ya maziwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoka uani.

"Mashallah," alisema. "Sakafu gani hii nzuri hivi? Mmeweka udongo gani?"

"Si udongo, mama," Kishiwa alijibu, na alikuwa anatabasamu. "Ni samadi. Ya ndama anayenyonya. Nimeisiriba jana kwa ajili yako."

Bi Mwamvua alitazama sakafu. Akatazama michembe. Ilikuwa imelala juu yake, myeupe juu ya kijani iliyofifia, kila kipande kimeigusa.

"Mavi ya ng'ombe," alisema polepole.

"Ikikauka haina harufu, mama. Inama unuse."

"Na ile niliyokula kwangu? Ilianikwa wapi?"

Kishiwa, Mungu amsamehe, bado hakuwa ameelewa. "Hapahapa," alisema.

Mama wa watu alishika mdomo. Aliwahi hadi kwenye mihogo, akainama, na tumbo likatoa kila kilichokuwamo, ingawa ile michembe yenyewe ilikwishatoka siku nyingi. Kishiwa alikimbia na kikombe cha maji. Bi Mwamvua aliinua mkono kumzuia. Hakukigusa. Alikitazama kikombe kile namna ambayo Kishiwa aliijua sana, maana ni yeye aliyewatazama watu hivyo maisha yake yote.

"Umenilisha najisi," Bi Mwamvua alisema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Ukaja kunichungulia uani kwangu, nikafurahi, kumbe nyani haoni kundule. Nickson, nipeleke nikaoge."

Pikipiki ikaondoka. Kishiwa alibaki na kikombe. Jibu lilimjia baadaye kabisa, vumbi likiwa limeshatua: kwamba mchicha wote unaouzwa sokoni Kilosa umeoteshwa kwenye samadi, tena nyingine imebebwa na mikokoteni kutoka zizini mwa Masunga, na Bi Mwamvua anaula kila siku na kumshukuru Mungu. Lilikuwa jibu zuri, akalisema kwa sauti, lakini aliyekuwapo kulisikia ni kuku tu. Na yule kuku, alipomtazama, alikuwa anatembea juu ya michembe.

Alichuchumaa. Akainusa sakafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana nani hunusa sakafu ya kwao? Haikunuka. Akainusa tena, kwa pua ya yule mama safari hii, na ikanuka. Akasimama haraka. Alimchukia Bi Mwamvua kwa kumfundisha kunusa hivyo, akajichukia mwenyewe kwa kujifunza upesi namna ile.

Nickson hakuwa kijana wa kufunga mdomo. Kufikia Jumapili Kilosa mjini kila mwenye chumba alikuwa na habari za mama Msukuma anayeanika chakula juu ya mavi, na wengine waliongeza na chumvi ya kwao. Kishiwa alizunguka mwenyewe kwa miguu kutafuta chumba kingine. Penye chumba, mwenye chumba alikuwa amesafiri. Mmoja alimwambia hayo mwenyewe, akiwa dirishani kwake.

Masunga naye alikuwa anafunga mizigo. "Kundi linaondoka Jumatano," alimwambia dada yake, na safari hii hakucheka. "Niambie. Ng'ombe wako naswaga, au siswagi?"

Kishiwa aliangalia sufuria zilizofungwa kwa kamba juu ya punda, nyeusi, zenye ukoko wa juzi. Akaliona lile dimbwi la Lindi kabla hajalifikia.

"Usiwaswage," alisema. "Niletee mnunuzi."

Kisha akampigia simu Nickson. Kijana aliogopa kupokea, akapokea mara ya pili.

"Ile ya Mikumi," Kishiwa alisema. "Bado ipo?"

Ilikuwepo, bila shaka. Wale wote waliokuwa wanaigombania hawakuwahi kuonekana.

Usiseme hakupigana. Alimwaga chokaa, akamwaga majivu, akalipa vibarua wajenge kizuizi cha matofali. Kila mwezi mwenye gesti alisema shimo litanyonywa mwezi ujao. Maji yakapata njia nyingine chini ya kizuizi. Vyombo Kishiwa alihamishia ndani, akawa anaosha kwenye beseni kona ya jikoni na kumwaga maji barabarani alfajiri. Michembe alianika juu ya paa, kwenye turubai jipya la bluu, kwa kuwa samadi hakutaka tena hata kuisikia. Akaipika, akaionja, na ladha ilikuwa ileile kabisa. Hilo lilimuudhi kuliko yote.

Mlango wa uani aliupigilia misumari, akaweka kabati mbele yake, na juu ya kabati maua ya plastiki.

Wateja wakaja. Dereva mmoja wa lori, Mnyantuzu wa huko Usukumani, alikula nsansa, akanawa mkono, akampigia mama yake simu. Mabasi yakaanza kusimama. Kishiwa alipakua kutwa, akitabasamu, na yeye mwenyewe hakula pale hata tonge. Alikula jioni chumbani alikopanga, ng'ambo ya barabara, chai na mkate wa kununua.

Mchana mmoja akaingia mwanamke wa makamo, mwalimu, jina lake Coletha, aliyekuwa safarini kwenda Iringa. Alisalimia kwa Kisukuma, akajitambulisha, akaagiza michembe na mgando, akawekewa. Lakini hakukaa. Alisimama akizungusha macho ukutani kote, pua imejikunja kidogo.

"Dada, uani wanapitia wapi?" aliuliza. "Samahani, usinione wa ajabu. Mama yangu alitulea hivyo. Mimi siwezi kula mahali bila kuona uani."

Kishiwa alikuwa ameshika upawa. Angeweza kusema, mdogo wangu, panda basi lako uende. Alimtazama mwalimu yule na miguu yake safi, na mate yakamjaa mdomoni kama zamani.

"Uani hapapitiki, mwalimu," alisema. "Wateja wanakula mbele. Hakuna anayekula uani."

Coletha alisita, akalitazama kabati na maua yake. Kisha akanusa karanga, akavuta kiti, akakaa. Alikula taratibu mwanzoni, baadaye kwa haraka, akasukuma sahani mbele na kuomba aongezewe. Kishiwa alisimama akimwangalia anavyotafuna, akamwonea kinyaa. Akachukua sahani, akampakulia nyingine.